Nilivyokwenda Korongoni Kuwarudishia Tembo Ziara

Tembo wamefika nyumbani kwangu Naipingo mara tatu. Hawakupiga hodi, hawakukaribishwa, na mara ya tatu waliniachia nyonga iliyovunjika. Mimi kwao sijawahi kufika. Kwa desturi zetu, mtu akikutembelea mara zote hizo nawe hujamrudishia hata moja, majirani wataanza kukusema. Kwa hiyo hifadhi ilipotoa gari kwa vijiji vya jirani, watu wakatembezwe Korongoni kule upande wa Ruangwa wakaone utalii, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu yenyewe ni shemeji Mtopa.

Mtopa ni mdogo wa marehemu mume wangu. Siku ile ya mara ya tatu ilikuwa zamu yake kukaa kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, apige debe akiona tembo. Mtopa akaona dungu lina upweke, akateremka kwenda kucheza bao. Magharibi mimi niko bondeni nachuma kunde, debe sijalisikia, nimegeuka tu, mnyama huyu hapa. Nilipotoka hospitali na gongo la kutembelea nikakuta hadithi tayari imepikwa: Mtopa ndiye aliyemfukuza tembo. Kwa ushujaa huo wakampa ujumbe wa kamati ya wanyamapori. Namtaja kwa jina, na akitaka kukasirika akasirike.

Tangu siku hiyo bondeni sijashuka. Nafika kwenye mkorosho wa mwisho, mguu mzima unagoma, achilia mbali mbovu. Mtopa akaanza kulitaka shamba. Akasema mbele ya wazee, tena kwa huruma ya kutengeneza: "Shemeji amekuwa mwoga, si kosa lake. Lakini ardhi nzuri kama ile kuiachia magugu ni dhambi."

Uchungu ukanipanda, nikajibu bila kufikiri. "Nitakwenda Korongoni. Nikimwona tembo nikabaki nimesimama, shamba langu. Nikishindwa, lichukue."

Wazee wakasema sawa. Maneno yakitoka hayarudi.

Wiki nzima ilikuwa ya maandalizi. Mwanangu Zuhura, anayeuza vitenge Nachingwea mjini, alinisomea kwenye simu mambo anayopaswa kubeba mtu anayekwenda hifadhini mara ya kwanza. Viatu vya kupandia milima. Kofia pana. Mafuta ya kuzuia jua. Darubini. Chakula chepesi. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikachukua kandambili, kanga ya kichwa, na ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini ambayo si myepesi hata kidogo, lakini mtu ukiila asubuhi unafika jioni bila kuomba kitu.

"Mama, na huyo jogoo?" Zuhura akauliza.

"Wewe umeona wapi mtu anakwenda ugenini mikono mitupu?"

"Mama, ni mbuga ile. Hakuna mwenyeji."

"Tembo akija kwangu mimi ndiye mwenyeji. Nikienda kwake anakuwa nani?"

Zuhura akaiangalia simu kama vile itamsaidia kujibu. Haikumsaidia.

Nachingwea tuliondoka asubuhi, jua halijakolea. Huu mji ulijengwa na Wazungu kwa ajili ya karanga. Karanga zikakataa, mji ukabaki, na barabara zake pana mpaka leo zinasubiri kitu cha kupita. Siku hiyo tulipita sisi: wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, shoga yangu Bi Somoe ambaye mdomo wake hauna kufuli, mimi na jogoo wangu. Mbele, pembeni ya dereva, Mtopa kavaa koti la kamati katika joto lile.

Njia ya Ruangwa ni vumbi na mikorosho. Mabibo yalikuwa yameiva, harufu yake inaingia garini kama pombe. Mtopa akageuka kutufundisha.

"Kina mama, sikilizeni. Tembo hakimbiwi. Ukimwona, tulia. Mtazame machoni. Mimi nilifanya hivyohivyo."

"Machoni upande upi, shemeji?" akauliza Somoe. "Maana wewe unajua mpaka rangi."

Gari zima likacheka. Mtopa akageukia barabara, shingo yake pekee ikabaki kutusikiliza.

Ruangwa mjini tulisimama kunywa chai. Mji umechangamka, bodaboda kila kona, vijana wanaongea Kiswahili cha Dar ambacho mimi naambulia nusu. Mwenye mgahawa akatuuliza tunakwenda msiba wa nani. Nikamwambia tunakwenda kutalii. Akamtazama jogoo, akatazama gongo langu, akatuongezea maandazi. Nadhani aliendelea kuamini ni msiba.

Getini tulipokelewa na askari wa hifadhi, binti mmoja anaitwa Neema, mpole, kavaa buti kubwa kuliko yeye. Akatukaribisha vizuri, halafu jogoo akawika.

"Mama, samahani. Kuku haruhusiwi kuingia hifadhini."

"Si wangu, ni wa wenyeji."

"Wenyeji gani, mama?"

"Hao wenye masikio."

Neema akajitahidi asicheke. "Mama yangu, kuku wa kufugwa anaweza kuwaletea wanyama magonjwa."

"Haya. Na wao walichoniletea mimi kilikuwa dawa?" Nikampigia nyonga kofi aisikie.

Hapo akalitazama gongo langu. Akasema taratibu, "Pole, mama. Sikujua."

Pole hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka kwa mtu aliyevaa sare ya hifadhi. Wakubwa zake walikuja mara moja, wakapima nyayo za tembo, mimi hawakunipima. Nikamkabidhi jogoo. "Basi mwenyeji ni wewe. Mchinjeni, mle na wenzako." Alipokea kwa mikono miwili, na adabu zote, na nikasikia ziara yangu imeanza kama inavyotakiwa. Somoe naye akachota unga kidogo kwenye kanga, akaumwaga chini ya mti nje ya geti, akaomba wenye mahali watupokee. Neema hakumkataza.

Mchana tulifika Korongoni. Nilitegemea shimo. Si shimo. Ardhi imepasuka kama mkate, kuta zake nyekundu, mstari juu ya mstari, nyeupe, nyekundu, kahawia, na chini kabisa mto wa mchanga wenye vidimbwi vya maji na mivumo, ile minazi ya porini, iliyosimama kama watu wanaosubiri. Ndege wanaruka chini yetu. Nimezoea kumtazama ndege kwa kuinua shingo. Siku ile niliwaona migongo. Niseme ukweli, nilichukia jinsi palivyo pazuri. Mtu mwenye makazi kama haya anafuata nini kwenye kunde zangu?

Nikamuuliza Neema. Akasema kiangazi maji yakipungua wanatoka, wanafuata njia za mama zao, na shamba langu limelala juu ya njia mojawapo.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewavamia?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Hujasema, lakini buti zako zimesema."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akanyoosha kidole chini.

Walikuwa wanatoka kwenye mivumo. Majike watano na mtoto mmoja, wekundu kwa vumbi la ukuta. Mbali, chini kabisa, kati yetu na wao ukuta ambao hata nyani angeufikiria mara mbili. Hayo yote niliyajua kwa kichwa. Mwili haukujua. Nikasikia ule mlio wa mfupa wangu kama ndio unavunjika sasa. Jike kubwa likainua mkonga kunusa upepo, likavunja tawi, paa!

Nyuma yangu mtu akapiga ukelele. Nilidhani ni mimi. Ni Mtopa. Koti linapepea, kandambili moja huku, nyingine kule, anakimbilia gari, na alipofika akaingia na kuufunga mlango.

"Shemeji!" akaita Somoe. "Unafuata debe?"

Wanawake walicheka mpaka Neema akawaomba wapunguze sauti. Mimi sikucheka. Gongo lilikuwa limeniponyoka, miguu yote miwili imenikana, nikakaa chini kwenye mchanga wa moto, pu. Sharti lilikuwa kusimama, nami nimekaa. Lakini macho sikuyafumba. Somoe akakaa kando yangu, akanishika mkono, hakusema kitu, jambo ambalo kwake ni sadaka kubwa. Tukawaangalia wakinywa. Mtoto alikuwa hajui kutumia mkonga, anapiga magoti kunywa kwa mdomo. Walipomaliza wakaondoka kwa mstari, nami bado natetemeka, bado natazama.

Tukarudi, tukaipita Ruangwa. Ndipo Mtopa akapata ulimi. "Shemeji, usinifikirie vibaya, nilikwenda kumwambia dereva aandae gari. Lakini makubaliano ni makubaliano. Wewe ulikaa."

 Nikajua shamba limekwenda.

Naipingo, kesho yake, akaja na wazee barazani kwangu, akalisema tena. "Shemeji alikaa, hakusimama." Mzee mmoja akanigeukia nijibu. Kabla sijafungua kinywa, Somoe akatangulia.

"Mtopa, ulimwona akikaa?"

"Nilimwona."

"Ukiwa wapi?"

Mtopa akafunga kifungo cha koti.

"Nauliza, ulikuwa umesimama wapi wakati tembo wanakunywa?"

Mtopa akaanza kueleza habari za dereva. Mzee akamkatiza. "Kijana, shahidi ni aliyekuwepo." Akawauliza wanawake mmoja mmoja, mama Zuhura alifanyaje. Kila mmoja akajibu kwamba nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyetaja kusimama, hakuna aliyetaja kukaa. Wazee wakainuka, wakaaga.

Mtaniuliza nimejifunza nini. Hofu haijaisha, aliyewaambia mtu akienda kutalii hofu inaisha, mwambieni aje. Nilichokiona ni kwamba miaka yote nimeishi nikijiita mwoga kwa sababu mtu aliyekimbia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimulia.

Msimu huu nimepanda mahindi bondeni. Siwezi kuinama, kwa hiyo napanda nimekaa chini, najivuta kutoka shimo hadi shimo, na jioni nazunguka na wenzangu wa kikundi kulinda kwa zamu. Mtopa hupita barabarani, husimama mbali, na kuuliza, "Shemeji, huogopi?"

"Naogopa sana," namjibu, nikifukia mbegu. "Pita, unanizibia jua."