Uji wa Farasi

Tangu daktari amng'oe farasi gego, saisi anayemtunza habanduki bandani. Huloweka pumba mpaka ziwe uji, huzifinya kwa vidole vyake vinene akisaka kidonge kigumu, kisha huonja kabla ya mwenye chakula. "Taratibu, baba, hakuna anayekukimbiza," humbembeleza, yeye ambaye nyumbani maneno yake ni ya kuhesabika.

Leo mkewe, aliyemletea chakula cha mchana, amesimama mlangoni anamtazama. Farasi ananusa uji, anageuza uso. Tangu jana hajala kitu. Saisi anamsukutua kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, anamfuta udenda kwa kiganja, anajaribu tena. Safari hii farasi anameza.

"Mimi nilipong'olewa jino, hata pole sikuisikia," mke anasema.

Saisi hageuki. Mkono uko chini ya taya la farasi, unasikiliza linavyosaga.

"Lako lilikuwa la chini, kushoto," anasema. "Ile nyama uliyokuwa ukiletewa ulidhani nani alikuwa akiichambua nyuzinyuzi?"

Mke anagusa pengo kwa ulimi. Siku zile zote alikuwa akimshukuru mama mkwe, na mama mkwe alizipokea shukrani bila hata kukohoa.