Vanishi ya Baba

Ahimidiwe Mungu aliyenilinda hadi uzee. Juzi sokoni Nyakoe nilimwona kijana akipaka kabati vanishi ndani ya kibanda kilichofungwa, nikakumbuka karakana ya baba.

Baba alikuwa seremala, na kila mara alifunga mlango ili vumbi lisiharibu vanishi. Ijumaa moja alasiri alitoka akiyumba, ananuka tina ya kuyeyushia vanishi, akasahau jina langu, akamfokea mama bure. Mzee wa kanisa alikuwa uani.

"Ndugu, umelewa tena!"

"Ni tina, mzee."

"Kila mlevi ana jina la pombe yake."

Mimi niliamini shetani huogopa Sabato, Jumamosi yetu ya ibada, kwani kila siku hiyo baba alikuwa mpole, akiimba. Kumbe siku ya Sabato hakufanya kazi na tina, basi! Kanisa lilimfuta ushirika, na hakuna aliyeingia karakanani kuvuta pumzi hata moja.

Wewe usomaye, Bwana akupe hewa safi, na majirani wanaouliza kabla ya kuhukumu.