Siku Mashine Ilipokikataa Kidole Changu

Asubuhi ile nilienda kwa chifu na magongo mawili, ilhali mwezi mzima nilikuwa nikitembea na moja tu. Lile la pili mke wangu alilishusha darini, akalipangusa vumbi, akaniwekea mlangoni bila kusema neno. Mke wangu akininyamazia hivyo huwa najua amenichoka.

Miaka mitatu kabla ya hapo nilianguka kutoka kwenye trela ya majani ya chai nikaumia mgongo. Nilikaa kitandani nikilishwa na kugeuzwa, na ndipo serikali ikaniweka kwenye orodha ya walemavu wanaopewa pesa ya kujikimu. Sharti lilikuwa wazi: pesa hiyo ni ya mtu asiyeweza kufanya kazi wala kujihudumia. Wakati ule mtu huyo alikuwa mimi, na sioni haya kusema hivyo.

Haya ilianza nilipopata nafuu. Nilirudi kuchuma chai polepole, nikipumzika kila baada ya mstari, katika shamba la mwalimu mmoja upande wa Kabianga ambako hakuna aliyenijua. Majani yalipimwa kwa jina la mke wangu. Ningeweza kwenda kwa chifu niseme nimerudi kazini, lakini niliogopa. Mgongo ukinilaza tena, nani atanirudisha kwenye orodha? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na mpaka leo naiona ni sababu nzuri. Shida ni kwamba nilimjua aliyekuwa akiingoja nafasi yangu.

Jirani yetu ni mjane aliyekuja huku kutoka pande za ziwa kufanya kazi ya chai. Ana binti wa miaka kumi na mmoja ambaye shingo yake haishiki, miguu haishiki, na hadi leo huvalishwa nepi. Kila mama huyo alipoenda kumwombea mtoto, aliambiwa orodha imejaa mpaka mtu atoke. Alikuwa akinieleza hayo kwenye ua, nami namwitikia pole, pole sana, kwa macho makavu.

Siku hiyo sisi wa orodha tulikuwa tumeitwa kwa chifu kuhakikiwa, na yeye alikuja kuomba tena. Tuliketi benchi moja, binti yake akiwa amelala kwenye leso miguuni petu. Mimi nilikuwa nimevisugua vidole kwa limau usiku kucha ili weusi wa utomvu utoke, nikajiona mjanja. Karani, msichana mpole, alinisogezea mashine ya kusoma alama za vidole, nikaweka kidole gumba. Ikakataa. Nikaweka cha shahada, ikakataa tena.

Mchumaji yeyote wa huku anajua kwamba majani hula vidole. Ukikwanyua kutwa nzima, mistari inafutika ngozi inabaki laini, hata kusajili laini ya simu huwa kazi. Nimechuma chai zaidi ya miaka ishirini, na jambo hilo halikunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa nimefikiria rangi tu.

"Mwaka jana ilisoma mara moja," karani alisema akitazama kompyuta yake. "Sasa mbona inakataa? Mzee, kwani unachuma majani?"

Benchi zima lilinigeukia. Wote pale walikuwa watu wa chai na wote walishaelewa. Nilikifumbata kidole gumba kiganjani.

"Huyu atachuma na mgongo gani?" jirani yangu alidakia. "Bibi yake anashinda kazini, nguo ni huyu mzee anafua akiwa amekaa. Sabuni ya kipande ndiyo imemaliza hiyo mikono."

Mama huyo alikuwa akikutana nami njiani alfajiri, kikapu kikiwa mgongoni mwangu, karibu kila siku ya juma. Alijua kabisa nafasi anayoitetea ni ipi. Nilipaswa kusema nachuma, neno moja tu, na mtoto wake angeingia. Nilijikausha. Mwishowe kidole cha mwisho, kile kisicho na kazi, kilikubaliwa, na karani akaniambia niko sawa.

Zamu ya jirani ilipofika, karani alitazama orodha kisha akatikisa kichwa. "Bado imejaa, mama. Labda mwaka ujao."

"Sawa," alijibu.

Alichutama amvute binti mgongoni. Binti amekuwa mrefu sasa, miguu inaburutika chini, na leso ilimponyoka mara mbili. Aliyekuwa karibu naye ni mimi. Nilianza kuinuka nimshike mtoto, magongo nimeyaacha ukutani, na karani akainua macho.

Jirani yangu aliniona kabla ya karani kuniona vizuri.

"Kaa tu, mzee," aliniambia taratibu. "Utaumia."

Nikakaa.