Mwisho wa Hadithi ya Editha

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mdogo wangu, na naiandika polepole nisije nikajipendelea. Sina mvi, na shule niliishia darasa la saba. Lakini umeniuliza ufanyeje ili watu wakijue kitabu chako, na jambo hilo mimi nilijifunza kwa aibu.

Nilikuwa nimechapisha kitabu changu cha kwanza kwenye steshenari moja ya Kasulu, nakala hamsini, nikarudi nazo Kibondo ndani ya boksi. Nilijiapiza kwamba zisiponunuliwa, siandiki tena. Kutangaza kwangu kulikuwa kuweka picha ya jalada kwenye status ya WhatsApp. Watu waliitazama, wakapita. Kumsimamisha mtu njiani nimwambie anunue, sikuweza. 

Editha aliweza. Tulisoma naye darasa moja, na insha alizozisoma mwalimu mbele ya wenzetu zilikuwa zangu. Sasa naye alikuwa na kitabu, na alikipeleka kwenye mashine ya kusaga. Umeme ukikatika, wanawake wakikaa juu ya viroba vyao vya mahindi na udaga wa muhogo kusubiri, yeye husimama akawasomea. Akifika pale mambo yanapochacha, anafunga. "Kilichobaki mtasoma wenyewe!" Wanamzomea huku wanacheka, wananunua.

Nilikinunua kitabu chake kwa siri, nikakisoma nikitafuta makosa. Niliyapata mengi. Ila nilikimaliza kwa siku moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Wiki iliyofuata nilipeleka mahindi ya mama kusaga. Nilibeba pia nakala zangu tano ndani ya mfuko, zisionekane. Umeme ukakatika. Editha akasoma habari za mtoto aliyepotea siku ya gulio, akafunga kitabu.

"Jamani Editha, sasa mtoto yuko wapi?" mama mmoja akalalamika, huku anafungua pindo la khanga yake atoe hela.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Shangazi yake ndiye kamficha," nikasema. "Anapatikana mwishoni. Hakuna haja ya kununua."

 Yule mama akalifunga pindo lake. Editha alinitazama, kisha akatazama vitabu alivyokuwa amevipanga juu ya kiroba.

"Kumbe na wewe una mdomo!" mwingine akanitania, lakini hakucheka mtu.

Bibi Yustina, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akaniita. "Mjukuu wangu, njoo. Macho yangu hayaoni maandishi tena. Huyu binti akisoma, narudi nyumbani na yule mtoto kichwani, namtafuta mpaka siku nyingine ya kusaga. Leo umenipokonya. Na huo mfuko una nini?"

Nikamwonyesha.

"Basi soma. Tusikie chako."

Nilisoma nikitetemeka, jicho moja kwa Editha. Nilijua amekisoma, maana dada yangu alimwazima nakala. Nilipofika pa kuacha, nikaacha.

Mama wa khanga akamgeukia. "Editha, na hiki kinaishaje? Sema na wewe, mlipane!"

Neno moja lake lingemaliza kitabu changu, na kalamu yangu pamoja nacho.

"Nimekisoma mara mbili," Editha akasema. "Siwaambii. Nunueni."

Wakanunua vitatu. Nami nilizidi kumwonea wivu, kwa kuwa hata kwa wema alinishinda. Ilinichukua wiki nzima kwenda kumwomba msamaha. Hata leo nikisikia wateja wanampigia simu, natamani wangepiga kwangu. Sikudanganyi.

Kwa hiyo wivu ukikujia, mdogo wangu, usijione mtu mbaya. Uache ukae, ila usiuache useme. Kisome kitabu cha mwenzako mpaka mwisho, na mwisho huo uufungie moyoni. Mtu akikuuliza kama ni kizuri, na ni kizuri, mwambie hivyo hata kama unatamani kutaja kila kosa lake. Chako nacho kitoe, ukisome kwa sauti mahali watu wanaposubiri. Sauti itatetemeka. Haidhuru, wao wanafuata hadithi.

Mungu akupe watu wa kukusikiliza. Akupe na mwenzako anayekuzidi, na moyo wa kulitaja jina lake mbele ya wanunuzi wako.