Saa Mia na Nane za Mwezi wa Tisa

Mdogo wa mke wangu amekaa kwetu tangu aanze chuo. Asubuhi anasoma, jioni anapanga vitabu katika maktaba ya chuo kwa ujira wa saa. Maneno anayo, tele. Mimi ni fundi cherehani, kuongea na wageni kunanishinda, ndiyo maana akanipa jina la Bwana Kimya. Siku hizi hata wateja wananiita hivyo.

Mwaka jana ujira wake ulikwama miezi mitatu. Mkuu wa maktaba alikuwa likizo, hakuna wa kusaini fomu za saa. Shemeji akavumilia mpaka mwezi wa tisa, mkuu aliporudi, akazisaini zote na malipo yakatoka kwa mkupuo. Elfu tisini mara tatu ni laki mbili na elfu sabini, na ada ya mtihani ilikuwa hiyo hiyo. Mwisho wa kulipa ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Asiyelipa anarudia mwaka.

Alhamisi jioni aliingia bila kunitania. Akaweka karatasi ya mshahara juu ya kitambaa nilichokuwa nakata.

"Wamenikata kodi elfu ishirini na moja. Wenzangu wa maktaba nao wamekatwa. Wanasema kodi ni kodi, nikaze moyo."

"Zamani ulikuwa unakatwa?"

"Hata senti. Mshahara usiozidi laki mbili kwa mwezi haukatwi."

Dada yake akafungua pochi, akaifunga. Siku mbili kabla tulikuwa tumelipa pango la nyumba.

Niliisoma ile karatasi mstari kwa mstari, kama ninavyosoma vipimo vya mteja. Kwenye mstari wa saa paliandikwa: mwezi wa tisa, saa 108.

"Mwezi wa tisa ulifanya kazi saa mia na nane?"

"Shemeji, ningesoma lini? Mimi ni saa thelathini na sita kila mwezi." Akaivuta karatasi, macho yakamtoka. "Wamenirundikia miezi mitatu kwenye mwezi mmoja!"

"Ndiyo maana umevuka laki mbili."

"Kesho tunaenda wote."

"Nitakusubiri getini."

"Getini tayari kuna mlinzi, shemeji."

Kesho yake, saa tano na nusu, tukafika kwenye dirisha la karani wa mishahara. Shemeji alieleza vizuri, tena kwa adabu. Karani aliitupia karatasi jicho moja, hakuinua hata kichwa.

"Zimelipwa mwezi wa tisa, ni za mwezi wa tisa. Kompyuta ndiyo inayokata, mimi sikati. Mwingine!"

Shemeji akanigeukia. Yeye mwenye maneno tele, leo yalikuwa yamemwishia. Futi yangu ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni, nilisahau kuivua. Nikaishika.

"Samahani, bwana. Akija mama na watoto watatu, kila mtoto kiuno inchi ishirini, nishone suruali moja ya inchi sitini?"

Foleni ikaangua kicheko. "Ataivaa nani hiyo?" mtu akauliza nyuma yetu.

Karani hakucheka, ila aliichukua karatasi tena. Aliisoma taratibu safari hii.

"Fomu za saa za kila mwezi mnazo?"

Shemeji akazitoa zote tatu, zimesainiwa. Karani akauingiza kila mwezi peke yake, kisha akatugeuzia kioo cha kompyuta tuone. Kodi: sifuri, sifuri, sifuri. Akaandika barua kwamba ile elfu ishirini na moja ihesabiwe kwenye ada, akagonga muhuri.

Dirisha la ada lilikuwa linakaribia kufungwa. Saa sita kasoro dakika tano, shemeji alikuwa na kadi ya mtihani mkononi. Alikatiza uwanja wote wa chuo ameiinua juu, na nyumbani hakubisha hodi.

"Dada! Mume wako ameongea!"

"Muongo wewe."

"Mbele ya foleni nzima!"

Jumatatu akafanya mtihani wake. Jumanne wale wenzake wawili wa maktaba wakaja barazani kwangu, karatasi zao zimekunjwa mfukoni.

"Si mlisema kodi ni kodi?" shemeji akawachokoza.

Nikasogeza kitambaa, nikavaa miwani.

"Tuanze na mstari wa saa," nikawaambia.