Upinde Uliochongwa Ungali Mbichi

Mume wangu alichonga pinde maisha yake yote, na hakuwahi kuwa na wa kwake. Kila alipokaribia kumaliza mmoja, mtu alikuwa ameshauomba: jirani aliyesumbuliwa na tumbili kwenye mahindi, au wanaume waliokwenda kuwinda nguruwe pembezoni mwa msitu. "Unaofuata ndio wangu," alikuwa akisema, na mimi nikalizoea neno hilo kama tunavyoizoea mvua ya kwetu.

Tulikaa Kisondela, huko milimani. Jiko letu lilikuwa na dari ya fito juu ya meko, na hapo ndipo alipolaza miti yake. Mti wa upinde haukatwi leo ukachongwa kesho. Aliukata, akaupasua, akauacha kwenye moshi mwaka mzima, mara nyingine zaidi, mpaka ukiugonga kwa kucha unalia.

Zilipokuja siku za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, madukani kukajaa vitu, na waya nao ukapatikana. Wawindaji wakaanza kutega kwa waya. Vijana walimcheka mtu aliyepita na upinde begani. Mume wangu hakulalamika, alisema sasa amepata nafasi. Akateremka mtoni, akarudi na mti ulionyooka, usio na kifundo hata kimoja.

"Mama, huu hauna mwenyewe," aliniambia. "Huu ni wangu."

Siku hizo hizo malori yalianza kupanda kwetu kufuata ndizi. Zamani mgomba ukianguka tulipika ndizi zikiwa changa, shina tukawapa ng'ombe, yakaisha. Sasa mkungu ulioanguka kabla ya kukomaa ulikuwa hasara, na sisi wanawake tukawa watu wa kutafuta nguzo za kuegemeza migomba. Mwaka uliofuata, upepo ukiwa mkali, mume wangu alilazwa hospitali ya Igogwe kwa ajili ya kifua. Nilikuwa peke yangu, na mgomba wenye mkungu mkubwa kuliko yote ulikuwa umeinama karibu kulala. Nguzo nilikuwa nimezimaliza. Niliingia jikoni, nikauvuta ule mti kutoka darini.

Nitasema kweli. Sikusahau kwamba ulikuwa wake. Nilijua. Nilijiambia tu kuwa mti ni mti, upepo ukipungua nitaurudisha.

Sikuurudisha. Mume wangu alikuwa amerudi nyumbani, bado anakaa tu barazani, siku mdogo wake alipokuja kumjulia hali akapitia shambani.

"Shemeji!" aliniita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Huu mgomba wako unakwenda kuwinda? Mbona umebeba upinde?"

Nilimkimbilia nikamwambia anyamaze.

"Ninyamaze vipi? Ngoja ushike na mshale, tukimbie wote!"

Mume wangu alisikia. Alikuja polepole, akihema, akasimama mbele ya mgomba. Mvua ilikuwa imeuloweka mti, chini umeota ukungu, na uzito wa mkungu ulikuwa umeupinda. Akaupapasa kwa kiganja kutoka juu mpaka mkono wake ulipofika.

"Niutoe, Baba?" nilimwuliza.

"Usiutoe. Mkungu haujakomaa."

Hilo tu. Angenigombeza ningejua la kujibu.

Wiki ile ile aliniambia tuteremke mtoni wote wawili. Hakuwa na nguvu za shoka, kwa hiyo nilikata mimi, yeye ameketi juu ya jiwe akinielekeza.

"Si huo, mama. Huo umepinda kama maneno ya shemeji yako."

Tulicheka mpaka kicheko chake kikageuka kikohozi. Niliubeba mti begani, na njiani nikamwuliza utakauka lini. Yeye akaendelea kupanda polepole.

Siku ya nne nilitoka kuteka maji nikamkuta barazani na tezo, anauchonga, na mti bado unatoa majimaji. Huyu ndiye aliyekuwa akiwarudisha watu wazima waliokuja na haraka zao. Aliwaambia upinde uliochongwa mbichi hulala: ukiuvuta unapinda, ukiuachia haurudi, na kila siku unazidi kulegea.

"Baba, si bado mbichi huu?"

"Mbichi."

"Utalala."

"Najua," akasema, akaendelea kuchonga.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa na mwaka mwingine wa kusubiri moshi. Ule wa kwanza ulikuwa umebakiza miezi michache tu, nami niliutoa kwenye moshi nikauweka mvuani kwa ajili ya mkungu mmoja wa ndizi.

Aliusugua kwa kigae cha chupa mpaka ukawa laini. Upande wa gome, ambao yeye aliuita mgongo, hakuugusa kwa chuma. Upote, kamba ya upinde, alizoea kuusokota kwa mishipa ya ng'ombe, lakini vidole havikuwa na nguvu tena, ikabidi niende madukani Makandana kununua kamba ya manila, kitu alichokidharau siku zote. Niliisokota mimi. Akaifunga yeye.

Siku ya kwanza mshale ulizama nusu kwenye shina la mgomba uliokwisha kukatwa. Aligeuka kunitazama, na uso wake ulikuwa wa yule kijana aliyenioa. Baada ya wiki mishale ilikuwa inaanguka njiani, naye ananiambia, "Nenda kaokote, mama, leo hutachoka, ni hapo hapo." Alifariki kabla mahindi hayajakauka.

Upinde ninao. Nimeufungua upote, maana alinifundisha kwamba upinde usiotumika hauachwi umefungwa. Upinde mzuri ukiufungua hunyooka. Huu haukunyooka. Umebaki na mkunjo alioutia yeye kwa kuuvuta kwa mkono wake, na watu wakiuona huniambia kwamba hiyo ni kumbukumbu nzuri. Huwa naitikia. Lakini kila ninapoushika natamani ungekuwa umenyooka.