Mikono ya Mkwe

Mwisho wa miaka ya tisini, vita vilipojaza askari katika kambi ya jeshi ya Base ya Kamina na majeruhi katika hospitali yetu, kazi yangu ilikuwa kufundisha wanawake kupapasa matiti yao. Kila Alhamisi walikaa kwenye mabenchi ya uani, nami nikapitisha soksi iliyojaa unga, ndani yake punje moja ya haragwe, kila mmoja aitafute kwa vidole. Daktari wetu alikuwa akifanya utafiti: alitaka kujua kwa nini wanawake wa kwetu huja kansa ikiwa imeshakomaa. Mimi niliwafundisha, kisha nikawauliza maswali na kujaza fomu. Niliwaambia mwili ni wa mwenyewe, na kwamba kila mwanamke ana haki ya kujua nani anamgusa. Nilisema vizuri sana, tena kwa Kiswahili. Kiswahili nilijifunza utotoni kwa watoto wa wafanyabiashara Waislamu wa Maniema, waliocheka Kiluba changu mpaka nikakiona kama nguo ya kulalia, isiyovaliwa nje.

Mama alikuja kutoka Kabondo-Dianda na uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari alikuwa akikata miguu ya askari kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwingine aliyejua kutoa kipande cha nyama cha kupimwa alikuwa muuguzi mmoja tu, naye alikuwa mume wangu. Kwetu Waluba mkwe na mama-mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Mama akisikia tu sauti yake alizunguka nyuma ya nyumba akajifunika. Tunaiita buko, na wala si chuki, ni heshima. Sasa mkwe huyohuyo amshike titi? Mama angechagua kufa, na asingekuwa anatania.

Treni ya kwenda Lubumbashi, kulikokuwa na maabara, ilikuwa inaondoka kesho yake, na hakuna aliyejua kama askari wangeacha nyingine ipite. Nikamdanganya. Nilimwambia yuko muuguzi askari kutoka kambini, mtu wa mbali huko magharibi, hajui Kiluba wala Kiswahili, kwa hiyo hatasema neno. Nikamfunika uso kwa kitenge kipya nilichomnunulia, nikidai ndivyo inavyofanywa. Mume wangu hakutaka. Nilimwita mshamba, nikamuuliza alisomea nini. Akaingia bila viatu ili hatua zake zisijulikane, akakata, akashona, akatoka, akatapika nyuma ya jiko. Mama akaniambia kwa Kiluba kwamba yule askari ana mikono ya upole, Mungu amrudishe salama kwa mama yake. Nilicheka moyoni. Nilijiona mjanja kuliko wote.

Jibu lilirudi baada ya wiki kadhaa, mkononi mwa mfanyakazi wa reli: kansa, lakini bado changa. Daktari akasema titi likikatwa mwezi ule, mama anaweza kupona. Mama akasema kwanza arudi nyumbani akaulize kaka zake. Nilimweleza kwa Kiluba mara tatu, na mara zote tatu akatikisa kichwa. Hasira ikanipanda. Maneno niliyotaka kumpiga nayo hayakutoka kwa Kiluba. Katika lugha ile mkwe na mwili wa mama-mkwe sikuwahi kuvisikia pamoja, na ulimi ulikataa wenyewe. Kwa Kiswahili hakukuwa na wa kunizuia.

"Ule mwenye alikukata njo bwana yangu," nikamwambia. "Alikushika, alikuona. Na haukukufa."

Mama alikijua Kiswahili cha kutosha. Akavua kile kitenge kipya, akakikunja juu ya kitanda, akajifunga chake cha zamani. Asubuhi yake akaondoka na wachuuzi wa samaki waliokuwa wanarudi kwao.

Kaka zake wakatuma ujumbe. Hospitali hawakuikataa. Walitaka mume wangu alete mbuzi na jembe jipya, apige magoti nje ya ua wao, kosa lioshwe. Baada ya hapo dada yao angerudi kukatwa titi, na angepokea dawa kutoka nyumba yetu. Mume wangu alianza siku ileile kuulizia mbuzi. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mwalimu wa afya hapeleki mbuzi kuomba ruhusa ya kutibu, wanawake wangu wa Alhamisi wangenicheka. Nilimkaripia mpaka akaacha kuulizia. Mvua zikaanza, barabara ikaharibika, askari wakaweka vizuizi, na mwezi ule wa daktari ukapita, kisha mwingine, kisha mingine.

Daktari alipofunga utafiti wake, fomu ya mama ilikuwa na nafasi moja wazi: sababu ya mgonjwa kutorudi. Nikaandika "desturi". Daktari akasikitika, akasema elimu bado ina kazi kubwa huku kwetu. Nikamkubalia.

Kiangazi kilipofika nilikwenda Kabondo-Dianda, nimebebwa kwa baiskeli, bila mbuzi. Harufu ilinipokea kabla ya mlango. Titi lilikuwa limepasuka, na mama amebaki mifupa, lakini akili yake ilikuwa timamu. Nilipiga magoti, nikamsalimu kwa Kiluba.

"Karibu, madame," akasema. "Ikala pa kiti. Bantu ya kwenu beko muzuri?"

Hicho kilikuwa Kiswahili chake cha kuongea na askari wa vizuizini na wanunuzi wa samaki. Nikamwambia kwa Kiluba kwamba ni mimi, mwanawe. Akanishukuru kwa adabu, kwa Kiswahili, kwa kuja kumwangalia mgonjwa. Siku nne nilimwosha kidonda, na siku nne hakunipa neno hata moja la Kiluba. Na kaka zake aliongea Kiluba, hata akawatania. Nililia mbele yake; akasema "pole, madame".

Siku ya tano, akiwa anakata roho, alianza kuwaita watoto wake kwa Kiluba, mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza, pamoja na wale wawili waliokufa wachanga. Nilikuwa nimemshika mkono. Akamaliza kuwaita wote, akapumzika kidogo, akafa. Mimi hakuniita.